Dawa mbili, kiti kimoja: kutoka visiwa vya Ssese hadi zizi la Runazi

Wadau, najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Nilikuwa kijijini Runazi, kule Kagera, upande ambao wilaya za Biharamulo na Ngara zinakaribiana. Nilikwenda kumsalimia bibi, nikarudi na jambo ambalo limekataa kunitoka kichwani. Leo hakuna siasa. Leo ni historia, na ndani yake mna kemia kidogo. Msikimbie.

Ilikuwa asubuhi ya siku yangu ya tatu. Nilimkuta baba mdogo zizini, ana bomba la sindano, maji yaliyochemshwa yakapoa, na pakiti moja ya dawa ya unga wa njano. Ni dawa ya nagana, ule ugonjwa ambao mbung'o huwapa ng'ombe. Jina lake la kitaalamu ni diminazini, lakini wafugaji wengi bado wanaiita Berenil, jina la dukani ambalo iliingia nalo sokoni miaka ya 1950.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Njoo unishikie kamba."

Nikashika kamba. Wakati anakoroga, nikaichukua ile pakiti nikaisoma. Si unajua tena, mwandishi wa habari hata karatasi ya maandazi anaisoma. Dozi ya kawaida ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa ng'ombe. Pakiti ile ina gramu 1.05 za dawa yenyewe. Piga hesabu: inatosha ng'ombe mmoja wa kilo 300. Mmoja tu.

Zizini walikuwa watatu, na wote watatu walichomwa kutoka kwenye pakiti ile moja.

Sikusema kitu. Nilikuwa mgeni, na mtoto. Lakini niliporudi Dar nikaanza kuchimba: dawa hii inafanyaje kazi, na ukiigawa namna ile kinatokea nini? Nilitegemea kusoma habari za ng'ombe. Nikajikuta nasoma habari za watu, za Ziwa Victoria, za Wajerumani, na za wazo moja kubwa la sayansi ya dawa ambalo sehemu yake lilizaliwa kutokana na mdudu wa porini kwetu.

Kwanza wazo lenyewe. Umeshawahi kupanda basi la mkoani ukakuta mtu ameweka begi kwenye kiti? Begi halisafiri kwenda kumsalimia mtu. Halina tiketi. Lakini kiti kimekaliwa, na wewe unasimama hadi Kahama. Dawa nazo zina viti. Kwenye seli za mwili kuna sehemu maalumu ambazo dawa au kemikali hukaa ndipo ifanye kazi yake. Wataalamu wanaziita vipokezi. Sasa kama vitu viwili vinafanana umbo, vyote vinataka kiti kilekile. Kimoja kikikaa, kingine kinasubiri. Na anayekaa si lazima afanye kazi yoyote: anaweza kuwa begi tu.

Mtu aliyelionyesha hili vizuri ni Mwingereza John Newport Langley, wa Cambridge. Mwaka 1905 alichapisha majaribio ya misuli ya kuku. Akiweka nikotini, hiyohiyo ya tumbaku, msuli unakaza. Akiweka kurari, sumu ambayo wawindaji wa Amerika Kusini walikuwa wakiipaka kwenye mishale, msuli unalegea na nikotini haifui dafu. Akiongeza nikotini ya kutosha, msuli unaanza kukaza tena. Akaikata mishipa ya fahamu, akasubiri ife kabisa, akarudia: mambo yakawa yaleyale. Kwa hiyo ugomvi haukuwa kwenye mshipa. Ulikuwa kwenye msuli wenyewe, kwenye kitu fulani ambacho nikotini na kurari zote zinakigombea. Nikotini inakaa na kufanya kazi. Kurari inakaa kama begi. Mshindi ni yule aliye wengi zaidi na anayeng'ang'ania zaidi.

Langley hakuwahi kukiona kiti. Alikijua kwa sababu aliona wawili wanakigombea. Shikilia hapo, kwa sababu tunarudi ziwani.

Mwaka ule wa 1905, watu walikuwa wanakufa kandokando ya Ziwa Victoria. Malale yalikuwa yameingia Busoga na Buganda mwanzoni mwa karne, na kabla mlipuko haujaisha yaliua zaidi ya watu 200,000. Mtu anaanza na homa, tezi za shingo zinavimba, baadaye vimelea vinaingia kwenye ubongo: usiku halali, mchana anasinzia na chakula mdomoni, mwishoni haamki. Vimelea hivyo vinaitwa tripanosoma. Ni binamu wa karibu wa wale wanaoua ng'ombe.

Mwaka 1906 Ujerumani ikamtuma Robert Koch, gwiji aliyegundua kimelea cha kifua kikuu na aliyekuwa ametoka tu kupata Tuzo ya Nobel. Alipiga kambi Bugala, visiwa vya Ssese, upande wa Uganda. Mkononi alikuwa na dawa iitwayo Atoxyl, yenye aseniki ndani yake. Ndiyo, aseniki, sumu. Mwaka mmoja nyuma watafiti wa Liverpool walikuwa wameonyesha kwamba inaua tripanosoma kwenye wanyama.

Wagonjwa walikuja kwa mamia. Mwanzoni ilionekana kama muujiza: sindano kadhaa, na vimelea havionekani tena kwenye tezi. Baadaye vikarudi. Koch akaongeza dozi hadi gramu nzima kwa sindano. Wagonjwa 22 wakapofuka, na hawakuona tena. Hii si hadithi ya kijiweni, ni taarifa yake mwenyewe. Utaratibu wa kambi ukavuka mpaka hadi kwetu: Wajerumani wakafungua kambi ya malale Kigarama, huko Kiziba, kaskazini ya Bukoba, kwa ajili ya watu ambao wengi wao walikuwa wameupata ugonjwa walipokwenda kufanya kazi Uganda.

Ukisoma habari hizi unapata hasira. Mimi nilipata. Watu wale hawakuulizwa kama wanakubali kuwa uwanja wa majaribio. Lakini nikajiuliza pia: kwa nini vimelea vilirudi? Kwa nini dawa iliyofanya kazi mwezi wa kwanza haikufanya kazi mwezi wa sita?

Swali hilohilo lilikuwa linamsumbua mtu mwingine, mbali na ziwa, mjini Frankfurt. Paul Ehrlich alikuwa mtu wa rangi. Namaanisha rangi za kutia nguo. Alishangaa kwa nini rangi moja inashika aina hii ya seli na inaacha ile, akaanza kutafuta rangi ambayo itamshika mdudu na kumuua bila kumgusa mgonjwa. Mwaka 1904, yeye na Mjapani Kiyoshi Shiga walipata rangi nyekundu iliyoponya panya wenye tripanosoma. Lakini si wote walipona. Baadhi ya vimelea vilinusurika, na vizazi vyao havikuijali tena ile rangi.

Ehrlich hakuvitupa vile vimelea sugu. Akavifuga. Akapata kizazi kisichoijali Atoxyl, kingine kisichoijali fuksini, kingine kisichojali rangi za jamii ya ile nyekundu. Kisha akavijaribu kwa kubadilishana. Kilichokuwa sugu kwa Atoxyl kilikufa vizuri kabisa kwa rangi. Kilichokuwa sugu kwa rangi kilikufa kwa Atoxyl. Lakini kilichokuwa sugu kwa dawa moja kilikuwa sugu pia kwa ndugu zake wa karibu wa kikemia.

Unaona maana yake? Kama usugu ungekuwa ni nguvu tu, kimelea kigumu kingekuwa kigumu kwa kila kitu. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kana kwamba kila jamii ya dawa ina kiti chake ndani ya kimelea, na kimelea kilichojifunza kukiondoa kiti kimoja hakikugusa vingine. Kwa miaka mingi Ehrlich alikuwa amekataa kwamba dawa za kawaida zina vipokezi. Mwaka 1907 akakubali, akitaja kazi ya Langley kuwa moja ya sababu. Mwaka uliofuata akapata Nobel, kwa kazi yake ya kinga ya mwili. Mwaka 1910 dawa yake ya kaswende, Salvarsan, ikaingia sokoni.

Vitabu vingi vya famasia vinaeleza vipokezi kwa kuanzia Cambridge na Frankfurt. Sawa. Lakini mdudu aliyemfanya Ehrlich abadili mawazo ni jamii ya tripanosoma, na haraka ya kumsaka mdudu huyo ilitokana na makaburi ya huku kwetu na vipofu wa Ssese. Nadhani tuna haki ya kutajwa kwenye sura ya kwanza.

Kisa cha viti kiliendelea. Mwaka 1922, huko Glasgow, Carl Browning, aliyewahi kufanya kazi na Ehrlich, alichapisha na Gulbransen jambo la ajabu. Walichukua panya wenye tripanosoma, wakawapa fuksini kidogo isiyotosha kuponya. Kisha wakawapa rangi ya njano ambayo kwa kawaida inaponya. Haikuponya. Dawa ya kwanza, japo haikuua, ilikuwa imemzuia mwenzake. Begi kwenye kiti, jamani!

Tuhamie Biharamulo, maana msomaji ataniuliza Runazi inaingiaje. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, tauni ya ng'ombe, ilifyeka mifugo karibu ukanda wote huu. Bila ng'ombe na bila watu wa kufyeka vichaka, pori lilisogea, na pori likisogea mbung'o anasogea nalo. Malale yalipotokea, serikali ya Waingereza katika miaka ya 1920 na 1930 ikaamua kuhamisha watu: acha shamba lako, acha makaburi ya wazee wako, nendeni mkakae pamoja mahali palipofyekwa. Biharamulo ilikuwa moja ya wilaya zilizofanyiwa hivyo. Walikoondoka, pori likachukua nafasi. Sehemu kubwa ya pori la Biharamulo ikawa hifadhi ya wanyama, na tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Bibi yangu hadi leo upande ule anauita kwa mbung'o. Anasema mama yake alikuwa akionyesha kwa kidole mahali ambapo nyumba yao ilikuwa, na mtu haoni nyumba wala shimo la nguzo. Anaona miti.

Malale ya upande wetu ni ya aina ya rhodesiense, yale makali, yanayoua kwa wiki au miezi, si kwa miaka kama yale ya Afrika Magharibi na Kongo. Na yana kitu kimoja kibaya: kimelea hichohicho kinakaa ndani ya ng'ombe na swala bila kuwasumbua sana. Ng'ombe anaonekana mzima sokoni, ananunuliwa, anasafirishwa, na malale yanasafiri naye. Soroti, Uganda, mlipuko ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 ulifuatiliwa na watafiti hadi kwenye mnada wa ng'ombe.

Dawa ya mgonjwa ambaye malale yameshafika kwenye ubongo ilikuwa, tangu 1949, melasoproli, kazi ya daktari wa Uswisi Ernst Friedheim. Nayo ni aseniki, mjukuu wa Atoxyl. Ilichomwa kwenye mshipa na wagonjwa walisema inaunguza kama moto. Kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa, kati ya 5 na 10 walipata madhara ya ubongo kutokana na dawa yenyewe, na karibu nusu ya hao walikufa. Madaktari walijua. Waliichoma kwa sababu bila dawa, kifo ni hakika.

Sasa tufunge mduara. Mwaka 1951 Rollo na Williamson waliripoti kwamba tripanosoma waliozoeshwa dawa moja ya aseniki tu, walikuwa sugu pia kwa dawa za jamii ya pentamidini, ambazo hazina aseniki hata chembe na ambazo hawakuwahi kukutana nazo. Kwa hesabu ya Ehrlich hili halikupaswa kutokea. Jamii mbili tofauti, viti viwili tofauti. Au siyo?

Jibu lilikuja 1993, London, kutoka kwa Nicola Carter na Alan Fairlamb. Tripanosoma hawezi kujitengenezea baadhi ya malighafi za vinasaba vyake. Lazima aziibe kwenye damu yetu, mojawapo ikiwa adenosini. Ana milango ya kuziingizia, na mmoja wapo wakauita P2. Sehemu fulani ya umbo la melasoproli inafanana na sehemu fulani ya adenosini. Mlango unashika sehemu ile, unadhani ni chakula, unavuta sumu ndani. Pentamidini nayo ina sehemu ileile. Carter na Fairlamb walipoweka adenosini nyingi pamoja na dawa, vimelea vilinusurika, maana chakula kilikuwa kimejaa mlangoni na dawa ikakosa pa kupita. Kama Langley na kuku wake: ugomvi ndio ulioonyesha kiti.

Na vile vimelea sugu? Havikuwa na P2. Walikuwa wameufunga mlango, wakaendelea kula kupitia mlango mwingine. Mwaka 1999 watafiti wa Uswisi wakaipata jeni ya mlango ule. Mwaka 2001 Mganda Enock Matovu na wenzake wakaonyesha kwamba jeni hiyo ilikuwa imebadilika kwenye vimelea vilivyochukuliwa kwa wagonjwa wa Omugo, kaskazini-magharibi ya Uganda, eneo ambalo melasoproli ilikuwa inashindwa mara nyingi. Niseme pia kwamba P2 si mlango pekee: mwaka 2012 ilibainika kuwa pentamidini na melasoproli zinapita hata kwenye mlango mwingine, uitwao akwaporini 2. Zinagombania milango miwili, siyo mmoja.

Halafu nikafika kwenye sentensi iliyonifanya nisimame na kuzunguka chumbani. Dawa nyingine ambayo huingia ndani ya tripanosoma hasa kupitia P2 ni diminazini.

Ile ya njano. Ile ya zizini.

Yaani dawa ya ng'ombe wa baba mdogo na dawa iliyokuwa ya mwisho kwa binadamu mwenye malale zilikuwa zinapita mlango mmoja. Ng'ombe anaweza kuwa na kimelea cha malale ya watu bila kuumwa. Ukimchoma theluthi ya dozi, unaua wadudu wenye mlango wazi na unawaacha wale ambao mlango wao umeanza kufungwa. Mbung'o anakuja anabeba hao waliobaki. Anayefuata kuumwa anaweza kuwa mchunga ng'ombe, au bibi akiokota kuni. Sisemi kwamba hili limetokea Runazi. Nasema njia ipo, na kila hatua yake inaeleweka.

Habari njema zipo. Miaka ya karibuni wagonjwa wa malale ya rhodesiense wanaoripotiwa dunia nzima hawafiki 100 kwa mwaka. Na ipo dawa mpya ya vidonge, feksinidazoli, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda. Desemba 2023 wadhibiti wa dawa wa Ulaya waliikubali kwa malale haya ya kwetu, na 2024 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye mwongozo wake. Haihitaji mlango wa P2. Inapenya yenyewe, kisha kimeng'enya cha kimelea kinaigeuza kuwa sumu. Aseniki inaelekea kustaafu baada ya zaidi ya miaka 100. Lakini kimeng'enya hichohicho ndicho kinachoamsha dawa nyingine, nifatimoksi. Kimelea kikikipoteza, zote mbili zinadhoofika. Kiti kimebadilika, ugomvi ni uleule.

Basi nikampigia simu baba mdogo. Nikamweleza kila kitu, basi, begi, mlango, mpaka salio likakaribia kuisha. Alisikiliza kwa utulivu. Kisha akasema:

"Mwanangu, wewe umeujua mlango wa mdudu. Mimi naijua bei ya pakiti."

Nikanyamaza. Maana ni kweli. Koch alikuwa na serikali nyuma yake akaongeza dozi hadi watu wakapofuka. Baba mdogo ana ng'ombe watatu na hela ya pakiti moja, anapunguza dozi hadi wote wapate kidogo. Bwana mifugo wa kumpimia uzito na kumshauri hajamwona muda mrefu. Ukimlaumu yeye peke yake, umekosea mahali pa kuanzia.

Tulikubaliana hivi: mara nyingine atachoma dozi kamili kwa yule anayeumwa kweli, si kugawa kwa wote, na pakiti ya pili nitachangia mimi. Ni suluhisho la familia moja, najua. Zizi la jirani lina ng'ombe 40, na mbung'o haulizi mwenye zizi ni nani.

Kama uko karibu na mfugaji, muulize anachoma dozi gani. Muulize kwa heshima, na uwe tayari kusikia habari za bei. Mimi narudi Runazi mwezi wa kumi na mbili. Bibi ameagiza sukari na kitenge. Baba mdogo ameagiza pakiti mbili.